Kutafuta fangasi kwenye tishu kwa hadubini: mwongozo wa benchi

Kila wanafunzi wapya wa vitendo wanapoingia kwenye benchi la histolojia, maswali ni yale yale. Hii ni fangasi au uchafu? Mbona slaidi yangu ya GMS (rangi ya fedha inayofanya fangasi kuwa nyeusi) imekuwa nyeusi yote? Naruhusiwa kuandika jina la fangasi, kama "Aspergillus" kwenye ripoti? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwenye simu, tena saa ambazo watu wamelala, kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa kufuata kazi yenyewe, tangu kipande kinapotoka mwilini mwa mgonjwa hadi karatasi inapomfikia daktari.

Nachukulia kwamba wewe ni mteknolojia wa maabara au daktari unayejifunza patholojia, na kwamba kukata bloku (tishu iliyozamishwa kwenye nta) na kupaka H&E (hematoksilini na eosini, rangi ya kawaida ya tishu) unakujua. Kama shida yako ni choa au fangasi ya kucha, hatua ya pili itakufaa, mengine yaruke. Mwongozo huu ni wa fangasi iliyozama ndani: kwenye pafu, tezi, sainasi, ini, au nyama iliyo chini ya ngozi.

Shika hili kabla ya yote: hadubini inakupa umbo, na jina hutolewa na kuotesha au vipimo vya jeni. Ukipima umbo vizuri na kulieleza bila kuongeza chumvi, daktari atajua aanze dawa gani. Ukikimbilia jina, unaweza kumpeleka kwenye dawa isiyofanya kazi.

Unachohitaji

Usianze ukiwa na nusu ya vitu. GMS ikikatikia njiani huwezi kuiendeleza kesho.

- Formalini ya asilimia 10 yenye bafa, na salaini tasa kwa ajili ya kipande kitakachobaki kibichi
- KOH (potasiamu haidroksaidi, ya kulainisha tishu) ya asilimia 10 hadi 20
- Vya PAS (rangi nyekundu ya zambarau ya kuta za fangasi): asidi ya periodiki asilimia 0.5 hadi 1, kitendanishi cha Schiff, hematoksilini
- Vya GMS: asidi ya kromiki asilimia 5, sodiamu baisalfaiti asilimia 1, methenamini asilimia 3, nitrati ya fedha asilimia 5, boraksi asilimia 5, kloridi ya dhahabu asilimia 0.1, sodiamu thayosalfeti asilimia 2, na rangi ya kijani ya usuli
- Rangi za ZN (ya vijidudu vya TB) na Gram (ya bakteria). Musikamini ukiipata, shukuru
- Beseni la maji ya moto linaloshika nyuzi 58 hadi 60 za Selsiasi, na kipimajoto unachokiamini
- Koleo za plastiki na vyombo vya kioo vilivyooshwa kwa asidi
- Hadubini yenye lenzi za 4, 10, 40 na 100, na kipimio ndani ya jicho lake
- Slaidi za kontroli zenye fangasi inayojulikana
- Maji yaliyokenekwa, mengi kuliko unavyodhani

Kuhusu maji niseme zaidi, maana hapa Dar ndipo wengi wanapokwama. Majengo mengi yana kisima, na visima vingi vya ukanda huu wa pwani vinatoa maji ya chumvi. Kloridi iliyomo ikikutana na nitrati ya fedha hutoa mashapo meupe, ambayo baadaye huwa meusi kwa mwanga. Matokeo yake ni vitone vyeusi slaidi nzima, na mtu asiyejua hudhani ni fangasi za chembechembe, anaandika "yisti nyingi". Maji yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kama maji ya betri usiyaamini kwa jina tu. Yapime: weka kidogo kwenye neli, dondoshea tone la nitrati ya fedha. Yakifuka ukungu mweupe, hayafai kwa kazi hii.

Kitu kingine cha hapa kwetu ni unyevu. Msimu wa masika, fangasi huota kwenye lenzi zenyewe za hadubini, na zina nyuzi safi zenye matawi kuliko zozote utakazozikuta kwenye kitabu. Ukiona nyuzi zinazokufuata kila unapohamisha slaidi, zungusha jicho la hadubini. Zikizunguka nalo, mgonjwa hana kosa. Weka silika jeli kwenye kabati la hadubini na uikaushe mara kwa mara. Kuifunika kwa mfuko wa nailoni peke yake kunafungia unyevu ndani.

Hatua kwa hatua

1. Gawa kipande kabla hakijagusa formalini.

Hapa ndipo vipimo vingi vya fangasi hufia, na mara nyingi hufia chumba cha upasuaji, hata kabla hujaletewa chupa. Formalini inaua fangasi. Kipande chote kikishazamishwa humo, hakuna kuotesha tena. Kwa hiyo zungumza na madaktari na wauguzi mapema: penye shaka ya fangasi, kipande kimoja kiende kwenye salaini tasa na kipelekwe maikrobaiolojia siku hiyo hiyo, kingine kiende kwenye formalini.

Kile cha salaini hakisubiri. Kipande kinachotoka Mbagala kwa bodaboda saa saba mchana, joto likiwa nyuzi 32 na foleni imesimama, kinaanza kuoza. Kisafirishwe kwenye kikasha chenye ubaridi. Na kisifungwe kwenye shashi kavu, kitafika kimekauka.

Onyo: unapogusa tishu mbichi, chukulia kwamba ina TB hadi ithibitike vinginevyo. Fanya kazi ndani ya kabati la usalama wa kibaiolojia.

2. Tazama kibichi kwa KOH.

Kata kipande kidogo kwa wembe, kiwe vijipande vidogo kabisa. Usikisage. Fangasi za kundi la Mucorales zina nyuzi pana zisizo na kuta za kutosha ndani. Ukizisaga zinapasuka, na hata kuotesha kunashindikana. Weka vijipande kwenye slaidi, tone moja la KOH, funika, subiri dakika 15 hadi 30 mpaka tishu ilainike na kupitisha mwanga. Anza na lenzi ya 10, kisha 40.

Kosa la kila mgeni ni mwanga mkali. Teremsha kondensa, bana dayaframu. Kuta za fangasi hupinda mwanga, na ukimulika mno zinayeyuka machoni pako. Ukiona nyuzi pana zilizojikunja kwenye tishu ya sainasi ya mgonjwa wa kisukari, huenda ni Mucorales, nazo hazisubiri: usiendelee na hatua ya tatu kabla hujapiga simu wodini.

3. Fiksi, chakata, kata.

Formalini iwe mara 10 hadi 20 ya ujazo wa kipande. Formalini hupenya taratibu, kadiri ya milimita moja kwa saa, hivyo pande la tezi zima lililotupwa kwenye chupa litaoza katikati huku nje likionekana zuri. Lipasue kwanza. Saa 6 hadi 48 zinatosha kwa vipande vya kawaida.

Kata mikato ya maikromita 4 hadi 5. Andaa minne au mitano kwa pamoja ukiwa bado kwenye mikrotomu: H&E, PAS, GMS, ZN na mmoja wa akiba. Ukirudi kukata upya baadaye unapoteza tishu kwa kunyoosha uso wa bloku, na kwenye biopsi ya sindano huenda ndicho kilichokuwa kimebaki. Maji ya beseni la kuelea mikato yabadilishwe kila siku. Yakilala, yanaotesha kuvu zake mwenyewe, nazo zitatua juu ya mkato wako.

4. Soma H&E kwanza, bila haraka.

Wengi hurukia GMS. Mimi nasema H&E ndiyo inayokuambia mwili unajibu nini, na fangasi bila majibu ya mwili inahitaji maelezo. Anza na lenzi ya 4. Tafuta tishu iliyokufa, granuloma (vinundu vya seli za kinga zilizokusanyika), seli kubwa zenye viini vingi, usaha, mishipa ya damu iliyoziba. Ndipo uingie na 40 maeneo hayo hayo.

Jiulize fangasi iko wapi. Candida (aina ya yisti) juu ya utando wa umio, ikikaa kwenye uchafu wa juu tu, huenda ni mkazi. Ikiwa nyuzi zake zimechoma tabaka na kuingia ndani ya tishu, hayo ni maambukizi. Tofauti hii hakuna kipimo cha kuotesha kitakachokupa. Ni hadubini pekee, na ndiyo maana tunahangaika na tishu.

Baadhi ya fangasi zina rangi ya kahawia kwa asili yake. Ukipaka GMS zinakuwa nyeusi kama nyingine zote na unaipoteza alama hiyo. Ione kwenye H&E, iandike.

Halafu kuna suala la TB. Katika mji huu granuloma ikionekana, kichwa kinakimbilia TB, na mara nyingi kweli ni TB. Lakini histoplasma na kriptokokasi, ambazo ni fangasi za yisti, nazo hutengeneza granuloma, hata zenye tishu iliyokufa katikati, na mgonjwa mwenye VVU anaweza kuwa na vyote viwili. Kanuni yangu: kila granuloma inapata ZN na GMS kwa pamoja. Sisubiri moja itoke hasi ndipo nianze nyingine.

5. Paka PAS.

Ni rahisi na ya haraka. Ondoa nta, shuka kwenye alkoholi hadi maji. Asidi ya periodiki dakika 5 hadi 10, suuza kwa maji yaliyokenekwa, Schiff dakika 15, kisha maji ya bomba yanayotiririka dakika 5 hadi 10 ili rangi ikolee. Hematoksilini kidogo, maana ukizidisha inafunika. Kuta za fangasi zitakuwa nyekundu ya zambarau.

Kwenye ini, glaikojeni (wanga wa mwilini) nayo inashika rangi hiyo. Tanguliza diastesi, kimeng'enya kinachoimeng'enya, uiondoe.

Schiff huishi kwenye friji. Umeme ukikatika siku nzima na chupa ikapata joto, ijaribu kabla ya kuitumia: dondosha tone kwenye formalini isiyoongezwa maji. Ikigeuka haraka kuwa zambarau nyekundu, ni nzima. Ikichelewa na kuelekea bluu, imwage.

6. Paka GMS.

Mtaalamu Grocott aliirekebisha mbinu ya fedha ya Gomori kwa ajili ya fangasi mwaka 1955, na hadi leo hakuna rangi ya kawaida ya tishu inayoizidi kwa kukamata hata fangasi zilizokufa kwenye vidonda vya zamani, ambazo PAS huziacha.

a) Slaidi zikishafika kwenye maji, weka asidi ya kromiki kwa saa 1. Suuza.

b) Sodiamu baisalfaiti dakika 1, kuondoa mabaki ya kromiki. Suuza kwa maji ya bomba, kisha maji yaliyokenekwa mara 3 au 4.

c) Andaa mchanganyiko wa fedha wakati huo huo, usiandae jana. Chukua mililita 100 za methenamini, ongeza mililita 5 za nitrati ya fedha. Itakuwa nyeupe kisha itasafika ukitikisa. Kwa kazi, changanya mililita 25 za hiyo, mililita 25 za maji yaliyokenekwa na mililita 2 za boraksi.

d) Weka slaidi humo, nyuzi 58 hadi 60. Kuanzia dakika ya 30 toa kontroli kwa koleo la plastiki, isuuze kwa maji yaliyokenekwa, itazame kwenye hadubini. Unataka fangasi za kahawia iliyoiva huku tishu ikiwa na rangi ya bahasha ya kaki. Mara nyingi hufika karibu na dakika ya 60. Rudisha kama haijafika.

e) Suuza mara 5 au 6 kwa maji yaliyokenekwa. Kloridi ya dhahabu dakika 2 hadi 5, mpaka umanjano uishe. Suuza. Thayosalfeti dakika 2 hadi 5. Maji ya bomba.

f) Rangi ya kijani sekunde 30 hadi 45, kausha kwa alkoholi, zailini, funika.

Maonyo ya hapa si ya mapambo. Koleo la chuma likigusa fedha, mashapo yanaanza. Asidi ya kromiki inasababisha saratani na haimwagwi kwenye sinki; ina chombo chake cha taka. Masalia ya fedha yasiachwe yakakauka kwenye chupa wiki nzima, kwani yanaweza kulipuka: yatie chumvi ya mezani ya kutosha ili fedha itulie chini, kisha yapelekwe kwenye taka za kemikali.

Umeme ukikatika wakati slaidi ziko kwenye fedha, usizitupe. Mvuto wa rangi unapungua joto linaposhuka, basi. Endelea kutazama kontroli, acha muda urefuke. Saa haina kauli hapa. Kontroli ndiyo yenye kauli.

7. Kontroli kwanza, mgonjwa baadaye.

Kontroli ikiwa imepauka au imeungua, usisome slaidi ya mgonjwa kabisa. Macho yakishaona kitu, ni vigumu kuyaambia yasahau. Rudia.

Na kontroli ifanane na unachotafuta. Nyuzi nene za Aspergillus hushika fedha mapema, lakini yisti ndogo za histoplasma zilizolala ndani ya granuloma kuukuu zinachelewa. Ukitumia kontroli ya Aspergillus peke yake utatoa slaidi mapema na kumwandikia mgonjwa wa histoplasma "hasi". Ukipata bloku yenye histoplasma, ilinde kama mali. Kata mikato ya kutosha, ihifadhi.

8. Pima.

"Ndogo" na "kubwa" si vipimo. Weka slaidi ya kupimia yenye milimita moja iliyogawanywa mara 100. Kila kijigawanyo ni maikromita 10. Panga mistari ya jicho la hadubini juu yake ukiwa na lenzi ya 40. Tuseme vijigawanyo 40 vya jicho vinalingana na 10 vya slaidi, yaani maikromita 100. Basi kimoja cha jicho ni maikromita 2.5, na yisti inayoshika vinne ina maikromita 10. Fanya hivyo kwa kila lenzi, andika namba, zibandike kwenye mwili wa hadubini. Hadubini ya benchi la pili ina namba zake; usiazime.

Kama huna kipimio, seli nyekundu ya damu iliyo karibu ina takriban maikromita 7. Kwa kukadiria inatosha.

Pima kadhaa, maeneo tofauti, utoe masafa.

9. Soma umbo.

Swali la kwanza: ni nyuzi (hifa), au ni chembe zinazochipuka, yaani yisti, au ni vyote viwili?

Ukiona nyuzi, angalia upana, kuta za ndani na pembe za matawi. Nyuzi za upana wa maikromita 3 hadi 6 zilizo sawasawa, zenye kuta za ndani za mara kwa mara, zikigawanyika kwa pembe ya karibu digrii 45, ni mwonekano wa Aspergillus. Lakini Fusarium na Scedosporium huonekana hivyo hivyo, na dawa zao zinatofautiana. Nyuzi pana, maikromita 5 hadi 20 au zaidi, zenye upana usio sawa, zilizokunjika, zenye kuta za ndani chache sana na matawi yanayokaribia pembe mraba, ni Mucorales. Hizi mara nyingi huonekana vizuri kwenye H&E kuliko kwenye GMS, nami huziamini zaidi pale. Makundi yote mawili hupenda kuvamia mishipa ya damu, kwa hiyo chunguza kuta za mishipa. Tofauti ya makundi haya si ya kitaaluma tu: vorikonazoli, dawa kuu ya Aspergillus, haifanyi kazi kwa Mucorales, ambazo zinataka amfoterisini B na kisu cha daktari wa upasuaji bila kuchelewa.

Pembe usiipime kwenye tawi moja. Mkato hupita popote, na uzi uliopinda unaweza kukupa pembe yoyote unayoitaka. Upana na kuta za ndani vina uzito kuliko pembe.

Ukiona yisti pamoja na nyuzi bandia, yaani chembe ndefu zilizoungana zikiwa zimebanwa kwenye maungio, fikiria Candida. Yisti zake ni maikromita 3 hadi 5 hivi.

Yisti peke yake ndipo kipimo kinapolipa. Zenye maikromita 2 hadi 4, zimejazana ndani ya makrofeji (seli za kinga zinazomeza vijidudu), zinachipuka kwa shingo nyembamba: histoplasma ya kawaida. Zenye maikromita 8 hadi 15, ukuta mnene, ndani ya seli kubwa zenye viini vingi, kwenye ngozi, mfupa au tezi: hiyo ni histoplasma ya Kiafrika, aina ya duboisii, ambayo vitabu vingi vya Marekani vinaipa mstari mmoja ilhali sisi ndio tunaoishi nayo barani. Zenye ukubwa unaotofautiana sana, nyingi zikiwa maikromita 4 hadi 10, kila moja imezungukwa na nafasi tupu: kriptokokasi. Musikamini itapaka kapsuli yake rangi nyekundu. Kapsuli ikikosekana, rangi ya Fontana-Masson husaidia kwa kuonyesha melanini ya ukuta. Blastomyces nayo ina maikromita 8 hadi 15 lakini huchipuka kwa shingo pana. Usiichanganye na duboisii.

Kwenye pafu la mwenye VVU, ukiona povu la waridi limejaza vifuko vya hewa, tafuta Pneumocystis kwa GMS: vifuko vya maikromita 4 hadi 7, vingine vimebonyea, na havichipuki. Neno la kushika ni hilo la mwisho. Kinachochipuka si Pneumocystis.

Chembe za kahawia, maikromita 5 hadi 12, ukuta mnene, zimegawanyika kwa kuta za ndani badala ya kuchipuka, kwenye ngozi iliyofanya vinundu mguuni: kromoblastomikosisi. H&E inatosha, huhitaji rangi nyingine.

Na mguu uliovimba wenye matundu yanayotoa punje ni maisetoma. Hapa usikurupuke. Ndani ya punje kuna nyuzi za fangasi, maikromita 2 hadi 5, au kuna nyuzi nyembamba za bakteria zisizozidi maikromita 1. Paka Gram na GMS zote mbili. GMS peke yake hupaka na bakteria hao weusi. Punje nyeusi huelekeza kwenye fangasi, hasa Madurella. Bakteria hutibiwa kwa antibiotiki na mguu mara nyingi hupona. Fangasi hutaka dawa za miezi mingi na mara nyingi upasuaji. Mtu anaweza kukatwa mguu kwa sababu ya maikromita chache ambazo hukuzipima.

10. Waondoe wanaofanana.

Unga wa glavu: chembe za wanga zinazoshika PAS vizuri sana. Kwenye mwanga uliopolarishwa zinatoa alama ya msalaba. Matone ya kamasi hushika PAS, hayana ukuta wala vichipukizi. Nyuzi za elastini na gegedu hushika fedha, fangasi haina mpangilio wa aina ile. Seli nyekundu za damu hushika fedha ukizidisha muda.

Leishmania, ambayo ni protozoa na si fangasi, ndiyo inayosumbua zaidi. Ina ukubwa ule ule wa histoplasma, na hukaa ndani ya makrofeji vile vile. Samuel Darling, daktari aliyeieleza histoplasma kwa mara ya kwanza huko Panama mwaka 1906, alidhani ni protozoa wa jamaa hiyo, basi usione haya kusitasita. Leishmania haishiki GMS, na ndani yake kuna kijiti kidogo kando ya kiini. Soma historia ya mgonjwa: aliishi Sudan, Ethiopia, au kaskazini mwa Kenya?

Kitu kinachokaa juu ya tishu, ambacho unalazimika kuzungusha fokasi kukipata huku tishu ikififia, kilidondoka kutoka hewani au kwenye beseni.

11. Andika ripoti.

Andika kwa mpangilio huu: ulichoona, vipimo vyake, kiko wapi kwenye tishu, mwili umejibu nini, kinalandana na nini, kipi hakiwezi kutenganishwa nacho, nini kifanyike. Mfano:

"Hifa zenye kuta za ndani, upana maikromita 3–5, matawi ya pembe kali, zimevamia ukuta wa mishipa ya damu na kuzungukwa na tishu iliyokufa. Mwonekano unalandana na Aspergillus. Fusarium, Scedosporium na nyingine za aina hiyo haziwezi kutofautishwa nazo kwa hadubini. ZN: hasi. Tunashauri kuotesha kipande kibichi."

Kuotesha kukitoka na jina tofauti na lako, pande zote mbili zikae mezani na kutazama slaidi tena kabla mgonjwa hajabadilishiwa dawa.

Mucorales, kriptokokasi na Pneumocystis hazisubiri karatasi. Piga simu, andika uliyezungumza naye na saa.

Mambo yakienda kombo

*Slaidi nzima ya GMS nyeusi.* Umeizidisha kwenye fedha au joto limepita 60. Jaribu kuipunguza kwa uangalifu kwa ferisianaidi ya potasiamu iliyoongezwa maji mengi, ukiitazama; isipokubali, tumia mkato wa akiba.

*Vitone vyeusi kila mahali, hata nje ya tishu.* Fangasi haikai kwenye kioo kitupu. Angalia maji, vyombo, koleo.

*Hakuna kilichoshika, kontroli nayo tupu.* Asidi ya kromiki imechoka, ikiwa imegeuka kahawia au kijani, au uliruka boraksi.

*Kontroli nzuri, mgonjwa tupu, daktari bado anashuku fangasi.* Kata ndani zaidi kwenye bloku, viwango vitatu au vinne, upake tena. Fangasi iitwayo Sporothrix hasa huwa na chembe chache mno kwenye tishu na inaweza kukosekana kabisa. Kwa hiyo kuotesha ni bora. Kwenye ripoti andika "haikuonekana kwenye mikato iliyochunguzwa". Usiandike "hana fangasi".

*PAS ya waridi kila mahali.* Hukusuuza Schiff vya kutosha, au asidi ya periodiki imekaa muda mrefu mno.

*Mkato unabanduka kwenye GMS.* Boraksi ni alkali na joto ni refu. Tumia slaidi zilizopakwa gundi ya kushika mikato na uzikaushe vizuri usiku kucha. Wakati wa masika, ziache kwenye oveni badala ya mezani.

*Kuna kitu, lakini hukijui.* Piga picha kwa lenzi ya 40 na ya 100, weka mstari wa kipimo kwenye picha, uipeleke kwa mpatholojia pamoja na slaidi yenyewe. Picha isiyo na kipimo haisomeki, na mimi binafsi huirudisha.